Swali Nililoliuliza kwa Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa mahali pa kuweka boksi la tishu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilikuwa nimefundisha chuo cha ualimu Tanga miaka kumi na mmoja, nikaja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, nikamaliza shahada ya uzamivu ya saikolojia. Nilidhani najua kazi. Mwalimu Qiu, Msimamizi Mkuu wa Mafunzo, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, akaniingiza chumba cha mazungumzo, akalisogeza boksi lile kutoka upande wa kiti changu hadi upande wa kiti cha mteja.

"Ukimpa tishu wewe, umemwambia anyamaze," alisema. "Akichukua mwenyewe, ataendelea kulia mpaka amalize."

Niliandika hilo kwenye daftari. Lilikuwa jambo la kwanza kujifunza katika Kituo cha Ushauri Nasaha cha chuo kikuu ambacho sitakitaja jina.

Vijana mnaoingia kazi hii leo huniuliza kwa nini mtu mwenye uzamivu ajifunze tena. Uzamivu hukufundisha kutafiti. Haukufundishi kukaa dakika hamsini na mtu anayeumia. Ndiyo maana kuna mafunzo ya vitendo baada ya uzamivu: miaka miwili unaona wateja, lakini kila unachofanya kiko chini ya leseni ya msimamizi wako. Mazungumzo yanarekodiwa kwa ridhaa ya mteja. Kila wiki unakaa na msimamizi saa mbili, mnasikiliza, anasimamisha mkanda, anakuuliza: hapa ulikuwa unafikiri nini? Hapa ulimkatisha kwa nini? Huo ndio usimamizi. Nimeona watu wazima, wazazi wa watoto wakubwa, wakitoka humo macho mekundu.

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili nyuma ya maktaba. Majira ya unyevu kuta zilitoka jasho, na karatasi za mafaili zikalegea kama zimetoka kwenye mvuke. Tulikuwa na vyumba vinne vya mazungumzo, chumba kimoja chenye trei la mchanga na visanamu kwa wasioweza kusema, na chumba cha mito ambamo mwanafunzi mwenye hasira aliruhusiwa kupiga apendavyo. Kila mwanzo wa mwaka wanafunzi wapya walijaza dodoso, na waliotia wasiwasi waliitwa mmoja mmoja. Waafrika hawakuitika sana. Wengi waliogopa kwamba jambo likijulikana ofisi ya wanafunzi wa kigeni, viza itaguswa.

Ndiyo sababu Mkurugenzi wa Kituo alinitaka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache. Siku ile ya kwanza alinipokea amesimama.

"Watakuja kwa sababu yako," aliniambia. "Ila kuna kanuni moja. Mazungumzo yawe kwa Kichina au kwa Kiingereza. Msimamizi lazima aelewe kila kinachosemwa chumbani. Asichokisikia hawezi kukisimamia."

Kanuni ilikuwa na maana. Mwanafunzi wa udaktari hapasui mgonjwa kwenye chumba ambacho bingwa haoni. Nilikubali bila kusita, na huko kutosita ndiko ninakokuja kukueleza.

*

Mwaka wa pili wa mafunzo alikuja kijana nitakayemwita Yusufu. Alitoka Wete, Pemba, alikuwa anasomea udaktari wa binadamu. Mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikono. Alipofungua mlango na kuona uso wangu na mtandio wangu, mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Kisha nikasema: "Samahani, humu ndani tutazungumza Kiingereza. Ndiyo utaratibu."

Akacheka kidogo. "Sawa." Mabega yakapanda tena. Tangu hapo alikaa mbele yangu kama mtahiniwa, mgongo umenyooka, anachagua maneno.

Kwa Kiingereza alikuwa nadhifu. Alinieleza kwamba hapati usingizi na chakula hakimpiti. Alinieleza kwamba amefeli mara mbili na ameondolewa kwenye mwaka wa hospitalini, na kwamba nyumbani hakuna anayejua. Dada yake mkubwa, nitamwita Bi Maryam, alikuwa mfanyabiashara hapohapo mjini. Alinunua mikoba ya ngozi kwenye soko la Shiling na kuisafirisha Zanzibar, na makao yake yalikuwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Ndiye aliyemlea Yusufu baada ya mama yao kufariki. Kila Jumapili Yusufu alivaa koti lake jeupe la kitabibu akaenda kula kwake, ingawa alikuwa ameshaondolewa wodini kwa miezi. Dada alimpiga picha na koti lile, akazituma Pemba.

Alinisimulia hayo kwa vichekesho vidogovidogo. Kwenye fomu zangu niliandika: mteja ana ufahamu mzuri wa hali yake.

Mkutano wa tano alinyamaza ghafla katikati ya sentensi. Akageukia dirisha. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya nyumbani, akasema:

"Mie nataka nipumzike tu, mama."

Mimi ni Mswahili. Kwetu mtu akifariki husemwa amepumzika. Na nikafanya hivi: nilivuta fomu ya tathmini ya hatari, ile ya kupima kama mteja yuko karibu na kujidhuru, nikamsomea swali kwa Kiingereza, neno kwa neno kama lilivyopigwa chapa. Je, una mawazo ya kujidhuru?

Alinigeukia. Akatabasamu kwa adabu. Kwa Kiingereza akajibu kwamba hapana, amechoka tu na masomo.

Nikatia alama kwenye "Hapana".

Wiki ileile Mwalimu Qiu aliusimamisha mkanda pale pale. "Hapa amesema nini?"

"Amesema anataka kupumzika."

"Analala saa ngapi kwa siku?"

Tukazungumza habari za usingizi kwa dakika ishirini.

Mkutano wa sita alikuja amechangamka. Alinishukuru, alinipa mkono wakati wa kuondoka. Baadaye niliwafundisha wanagenzi kwamba mtu aliyekuwa na uzito mkubwa akatulia ghafla bila sababu, si lazima awe amepona, mara nyingine ameshaamua. Wakati ule nilikuwa nimelisoma kitabuni na sikulitambua liliponipa mkono.

Wiki iliyofuata hakuja. Asubuhi ya pili Mkurugenzi alituita sote ofisini kwake. Yusufu alikuwa amejitoa uhai. Sitaeleza zaidi ya hapo.

*

Bi Maryam alikuja Kituoni siku ya tatu, na wanawake wawili wa Xiaobei wamemshika huku na huku. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuzoea soko. Wauza mikoba wa Shiling walimwita laoban, bosi, na walimwogopa kwenye bei. Siku hiyo sauti haikuwepo. Uongozi wa kitivo ulikuwa umeshamwambia habari za kuondolewa masomoni. Alikuwa na lile koti jeupe la Yusufu limekunjwa mikononi.

Kabla hajaingia, Mkurugenzi aliniweka kando. "Siri ya mteja inaendelea baada ya kifo. Sema kwamba tunasikitika. Usiongeze."

Alikuwa sahihi kwa kitabu. Anayekuja kwetu anaahidiwa kwamba maneno yake hayatatoka, isipokuwa uhai wa mtu uwe hatarini. Hapo tu ndipo tunaruhusiwa kumwita ndugu. Kwa hiyo nami nilijua: kama ningeuliza vizuri, na kama angejibu ndiyo, ningekuwa na ruhusa ya kumpigia simu mwanamke huyuhuyu siku ileile, naye angefika kabla chai haijapoa.

"Wewe ndiye Mtanzania wa hapa?"

"Ndiye mimi, dada. Pole sana."

"Ndugu yangu alikuwa akija kwako?"

Nikamtazama Mkurugenzi. Kadi ya miadi ya Kituo ilikuwa imekutwa mfukoni mwa koti, haikuwa siri tena. "Alikuja."

"Alikwambia nini?"

"Siruhusiwi kusema, dada. Nisamehe."

"Haya. Usin'ambie." Alivuta pumzi. "Mlizungumza Kiswahili?"

Nilitamani swali lolote jingine.

"Hapana. Tulizungumza Kiingereza."

Hakupiga kelele. Aliwageukia wenziwe kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akanirudia mimi. "Mdogo wangu yuko katika kufa. Kampata mtu wa kwao, wa lugha yake, wa dini yake, wamekaa chumba kimoja. Mkasema Kizungu?"

Mkurugenzi aliniuliza kwa Kichina alichosema. Sikumtafsiria. Nilisema, anatushukuru kwa kumpokea. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Maiti ilirudishwa Pemba. Wafanyabiashara walisoma hitma katika ukumbi wa hoteli Xiaobei, na watu wa Tanga ninaowafahamu walinipitia twende. Sikwenda. Mshauri hajitokezi kwenye familia ya mteja, ndivyo nilivyojiambia. Nilibaki chumbani kwangu na Msahafu, sikuweza kuufungua.

*

Baada ya kifo cha mteja kuna kikao cha mapitio. Hukai kama mshtakiwa. Mnatazama faili ukurasa kwa ukurasa ili mjifunze. Mwalimu Qiu aliufikia mkutano wa tano, akaniuliza kama kuna kitu kilipotea kwa sababu ya lugha. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeweza kusema ndiyo, ni kanuni yenu, na kila mtu angeniamini.

"Nilijua neno lile lina maana gani," nikasema.

Akazima kinasa sauti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeniambia nimuulize kwa Kiswahili."

Nikaendelea, maana ningesita nisingerudia tena. Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza neno la kujiua ni mstari kwenye fomu, lakini kwa Kiswahili ni sauti ya bibi yangu akimkata mtu maneno barazani: ishia hapo, usililete jambo hilo humu. Kumuuliza kijana wa Kiislamu aliyenipa shikamoo, mtoto wa watu, kama anafikiria kujiua, nilihisi kama kumwapiza. Kanuni ya lugha haikunifunga mikono. Ilinificha. Nilikuwa nimejificha nyuma yake tangu siku ya kwanza na nilikuwa na raha huko.

Mwalimu Qiu alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi. "Kanuni ile haikuandikwa na Mkurugenzi," alisema. "Niliiandika mimi. Niliogopa vyumba nisivyosikia. Tuko wawili."

Nilitaka kuacha. Alinikatalia. Aliniongezea miezi sita ya mafunzo, wala haikuwa adhabu, na akaenda kupigana na Mkurugenzi. Walibishana wiki tatu. Mwisho Mkurugenzi alikubali: mteja achague lugha. Akichagua Kiswahili, mimi niutafsiri mkanda mstari kwa mstari kwa ajili ya usimamizi. Saa moja ya mazungumzo ilinichukua saa nne za kuandika. Niliandika zote.

Lakini kuruhusiwa Kiswahili hakukunipa maneno. Nilikwenda Xiaobei, kwenye mgahawa wa wali wa akina mama wa Kitanzania, nikawauliza: mtoto wako ukimshuku anataka kujiua, unamwulizaje? Mmoja alisogeza sahani akaondoka. Mwingine akasema hayo hayaulizwi, yanaombewa. Bibi mmoja wa Dar es Salaam, mkongwe wa vitenge, aliyekuwa anakula kimya, ndiye aliyenisaidia.

"Mwulize kama unavyomwuliza mgonjwa panapouma," alisema. "Usizunguke, mwanangu. Ukizunguka, na yeye atazunguka."

Nikaandika maswali mawili. Kuna wakati unatamani usingekuwepo duniani? Unafikiria kujiua? Nilijizoeza mbele ya kioo cha bafuni kwangu siku nyingi mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Mara ya kwanza kumwuliza mteja halisi, binti wa Morogoro, nilitokwa jasho mpaka mtandio ukalowa. Alinijibu, "Hapana, mama, sijafika huko. Lakini ahsante kuniuliza." Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kushukuru kwa swali lile.

*

Nilimaliza mafunzo, nikapata leseni, Kituo kikaniajiri. Mwalimu Qiu alipostaafu nilichukua kiti chake cha usimamizi. Sasa mimi ndiye niliyesogeza boksi la tishu na kuusimamisha mkanda. Wanagenzi walitoka Nairobi, Bujumbura, Dodoma. Mkali kuliko wote kwa kusoma, na mwoga kuliko wote kwa swali lile, alikuwa Wanjiru, Mkenya.

"Dokta, hiyo neno inanishika koo," aliniambia. "Kwa Kizungu naweza. Kwa Kiswahili naskia ni kama namlaani."

"Sema."

"Dokta, tafadhali."

"Niambie mimi. Niulize mimi."

Aliniuliza mara ishirini siku hiyo, mpaka akalia, mpaka akaacha kulia. Mwezi uliofuata mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kigoma alikaa mbele yake akasema amechoka na kila kitu. Wanjiru akamwuliza kwa Kiswahili, bila kuzunguka. Kijana akasema ndiyo. Akalia kwa nusu saa. Tukaandaa naye mpango wa usalama, yaani karatasi moja inayosema nani wa kumwita, wapi pa kwenda na nini cha kuondoa chumbani wimbi likija. Kwa ridhaa yake tukamwita kaka yake aliyekuwa akinunua nguo kwenye soko la Shisanhang, akaacha marobota yake na karani, akaja na teksi. Tukampeleka hospitali watatu. Kijana yule alihitimu. Ana mke na watoto, na huwa anampelekea Wanjiru salamu za sikukuu.

Siku ya mahafali yake nilimpongeza, nikampongeza Wanjiru, nikaingia chooni nikalia kwa ajili ya mwingine.

Nilifanya kazi pale miaka kumi na mitano kabla ya kustaafu. Waliniandalia chai na hotuba. Mkurugenzi mpya, kijana, alisema Kituo sasa kinapokea wateja kwa lugha nyingi na kwamba hiyo ni jitihada yangu. Watu walipiga makofi. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Niliporudi nyumbani Tanga nilimwandikia Bi Maryam, kupitia mmoja wa wale wanawake wawili waliomshika siku ile. Aliacha biashara mwaka aliofiwa na hakurudi tena China. Alijibu neno moja: njoo.

Nyumba yake iko Wete, juu ya kilima kidogo. Amekonda. Alinipokea baada ya sala ya alasiri, akanipa chai ya mdalasini, akaniuliza safari, akaniuliza Tanga, akaniuliza bei za Guangzhou siku hizi. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mie sitaki maneno ya ofisini. Nina swali moja, nimekaa nalo miaka yote hii. Alikuwa akiniogopa?"

Siri ya mteja inaendelea baada ya kifo. Nimewafundisha hivyo wanagenzi wote niliowasimamia, na bado naamini hivyo.

"Hakukuogopa," nikasema. "Alisema yeye hawezi kuvumilia kukuona ukihuzunika, wewe kuliko mtu yeyote duniani."

Yusufu alilisema hilo kwa Kiingereza. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza lilipotamkwa kwa lugha yao.

Bi Maryam alitazama ua wake. Kuku walikuwa wanapita. "Neno hilo," alisema polepole, "ningelipata siku ile pale kwenu, ningelala."

Nilishika amana ya marehemu miaka yote ile, na huku mtu aliye hai alikuwa halali, na mnaonisoma ambao mko kwenye mafunzo msitafute kwangu jibu la nani alikuwa na haki zaidi.

Aliponisindikiza mlangoni alinishika mkono. "Waandikie hao wanaojifunza. Jina lake libadilishe, na langu. Lakini hilo la Kizungu usilifiche."

Majina nimeyabadilisha. La Kizungu sikulificha. La woga wangu, kwamba nilielewa alichosema na nikaogopa kumwuliza, sikuweza kumwambia uso kwa uso pale Wete. Nimeliandika humu, na nakala ya kwanza nitampelekea yeye.